Kadi za Malale

Tabora,
18 Juni, 1976

Kaka Nassibu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, kisha wifi, kisha watoto wote hadi yule mdogo ambaye bado sijamwona. Natumaini upepo wa ziwa umeacha kukusumbua kifua, na kwamba hapo stesheni mmepata bwana mkubwa mwenye utu kuliko yule aliyehamishwa. Huku Kanyenye Mama anaendelea vizuri, isipokuwa magoti yanayomsumbua asubuhi. Bado analima kile kipande chetu cha Ntalikwa na hataki kusikia habari ya kupumzika. Treni ya Kigoma ikipiga honi tu anauliza kama kuna mtu kamletea dagaa. Mimi nipo.

Umenilaumu kwamba nimekaa kimya tangu mwezi wa tatu, na una haki. Sikuwa na neno jema la kuandika. Nimekuwa na hasira, kaka, hasira ya kuamka nayo na kulala nayo, na ukisoma utaona inakotoka. Nivumilie, maana barua hii ni ndefu.

Unajua kwamba maabara yetu ndiyo inayopima damu za watu wanaoshukiwa kuwa na malale, huu ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Damu huchukuliwa vijijini, huletwa kwetu juu ya vioo, nasi tunavitazama kwa hadubini. Majibu yote yaliandikwa katika daftari moja kubwa, kwa kufuata siku tu. Mtu akija kuuliza jibu la mgonjwa fulani, tulipekua kurasa kama mtu atafutaye sindano mchangani, na mara nyingi mgonjwa mwenyewe alikuwa ameshachoka kungoja na kurudi kwao.

Nilipokuwa kozini Mwanza nilionyeshwa aina ya kadi ambayo ilinitoa usingizi kwa furaha. Kadi hizo zina matundu kuzunguka kingo zake zote. Kila tundu lina maana: hili la mwenye malale, hili la aliyeanza kuchomwa sindano, lile la kijiji fulani. Ukimwandika mtu, unalikata kwa mkasi tundu linalomhusu mpaka linakuwa pengo. Halafu ukiwataka wote wenye malale, unazipanga kadi pamoja, unapitisha sindano ya kufumia sweta katika tundu lile, unainua na kutikisa. Kadi zilizokatwa zinaanguka mezani, nyingine zinabaki zikining'inia. Kwangu ilikuwa kama muujiza. Nilimwomba Daktari Silasi, mganga wetu mkuu, aniruhusu nizitengeneze, akakubali. Msimu mzima wa mvua nilikata makaratasi magumu ya maboksi ya dawa, nikatoboa, nikaandika namba kwa wino mpaka vidole vikawa vyeusi.

Hakuna aliyezitaka.

Daktari Silasi alisema yeye hahitaji kundi la watu limwangukie mezani. Anahitaji mtu mmoja, tangu damu yake ya kwanza hadi sindano yake ya mwisho, amwone kwa jicho moja. Sista Tekla, mkuu wa wodi, alisema mikono yake iko majini tangu alfajiri, na kama ni kuacha wagonjwa ili aje kwangu kutikisa sindano ya kufumia, basi afadhali akae afume sweta. Wodi nzima ilicheka. Shilinde, bwana afya anayewafuata wagonjwa vijijini kwa baiskeli, aliichukua kadi yangu, akaikunja katika mfuko wa shati, akaenda nayo Sikonge, akanirudishia imelowa jasho, wino umeenea kama ramani. Ndipo akaniuliza afanye nini na namba ya kijiji, kwa sababu huko anakopita hajapata kumsikia mtu akisema anaishi katika namba kumi na saba. Na bwana Kornel, anayekusanya hesabu za magonjwa kwa ajili ya wakubwa, alisema tu kwamba mwisho wa mwezi anataka jumla.

Niliwachukia wote. Niliona ni watu wavivu wasiotaka maendeleo. Nilipomlalamikia Daktari Silasi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Batuli, umetengeneza kadi ya Batuli." Nilikwenda stoo nikalia.

Hasira ilipopoa nikaanza upya, safari hii kwa kuwafuata walipo. Nilikaa wodini nikamtazama Sista Tekla anavyofanya kazi, nikamtengenezea ubao wenye misumari na vibao vidogo vya rangi: chekundu, sindano leo; cheupe, apumzike. Hata mwenye mikono yenye sabuni anaviona kutoka mlangoni. Daktari nilimtengenezea karatasi moja ya kukunjwa kwa kila mgonjwa. Kadi za matundu nilibaki nazo mwenyewe maabara, na jumla ya bwana Kornel nikawa naitoa kwa sindano yangu kabla hajamaliza kunywa chai. Shilinde nilimkatia vibao vya boksi gumu, nikaandika kwa penseli ya seremala isiyofutika kwa jasho, kwa herufi kubwa zisomekazo hata baiskeli ikiwa mwendoni: jina la mtu, ugonjwa, kijiji kipya, na chini yake mahali alikotoka zamani. Hilo la mwisho alilitaka yeye. Watu wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, lakini ukiwauliza kwao ni wapi bado wanataja mahame yao.

Kwa muda mambo yalikwenda. Sista Tekla alianza kuniita mwanangu. Nilijiona mtu.

Kisha likaja jibu la mwanamke mmoja, Apolinaria, wa kijiji kipya upande wa Sikonge. Damu yake ilikuwa na malale. Niliandika kibao chake vizuri kama vingine, Shilinde akapanda baiskeli. Alipofika alimkosa, yuko shambani kwenye tumbaku, na Shilinde alikuwa bado na vijiji vingine mbele. Akamwachia balozi wa nyumba kumi kile kibao, amfikishie. Balozi si mtu mbaya, kaka. Jioni ile palikuwa na mkutano, na alipomaliza matangazo ya kisomo na ya mbolea, akaona bora amalize na hilo pia ili dada wa watu asichelewe. Akakisoma kibao changu mbele ya kijiji kizima. Herufi kubwa, hakukosea hata moja: APOLINARIA. MALALE.

Unajua watu wanavyosema juu ya malale. Wanasema ni kichaa, wanasema ni mtu kachezewa. Waliokaa karibu naye walisogea. Mama mkwe wake akamfungua mtoto mgongoni, akamchukua. Asubuhi Apolinaria hakuonekana kijijini.

Shilinde alirudi akanieleza haya akiwa amesimama, kofia mkononi. Nilikwenda kwa bwana Kornel kuomba gari la kumtafuta. Akaniuliza kama jibu lilifikishwa. Nikasema lilifikishwa. Basi, akasema, andika limefika. Nikamwambia mtu mwenyewe hayupo, na asipotibiwa atakufa. Akasema watu kuhamahama ni kazi ya uongozi wa kijiji, si ya maabara. Ndipo macho yake yakaangukia ule mstari wa mahali pa zamani katika nakala ya kibao niliyokuwa nayo mkononi, akaniuliza kwa nini naandika majina ya vijiji ambavyo havipo. Akaupiga kalamu palepale mbele yangu.

Sikungoja gari. Daktari Silasi alinipa ruhusa ya siku chache bila kuniuliza naitumiaje. Mimi na Shilinde tulipanda lori la tumbaku hadi Sikonge, tukaazima baiskeli ya pili misheni, tukaenda moja kwa moja kwenye yale mahame ambayo bwana Kornel anasema hayapo. Tulimkuta Apolinaria huko. Alikuwa katika nyumba yake ya zamani, nusu ya paa imeanguka, anachimba mihogo iliyosahaulika shambani, na tayari kichwa kilikuwa kinamwuma kiasi cha kushindwa kusimama wima.

Alidhani tumekuja kumkamata. Shilinde akamsemesha Kinyamwezi kwa muda mrefu. Nilipojitambulisha kwamba mimi ndiye niliyekiandika kile kibao, alinitazama kwa utulivu ulionichoma kuliko matusi. Akasema, "Kumbe wewe. Uliwaambia wote. Mimi ulitaka niambiwe na nani?"

Kaka, Daktari nilimuuliza anataka nini. Sista nilimuuliza. Shilinde nilimuuliza, na hata bwana Kornel. Mwenye damu yenyewe sikumuuliza, wala haikunijia kwamba naye atazishika zile kadi.

Alikubali kuja nasi kwa sharti tusiseme tulimkuta wapi, maana waliorudi kwenye mahame hurudishwa kwa nguvu. Hatujasema, ila kwako wewe tu. Yuko wodini hadi leo, anapata sindano, na Daktari anasema atapona. Mumewe amekuja mara moja, akakaa mlangoni, akaondoka. Mtoto bado hajaletwa.

Nilirudi na wazo. Jibu la mgonjwa lifungwe katika bahasha, juu liandikwe jina na siku ya kuja hospitali tu, na Shilinde amkabidhi mwenyewe mkononi, au amweleze kando. Jambo dogo kabisa. Nililipeleka kwa bwana Kornel kwa adabu zote. Akaniambia bahasha ni anasa, na katika kijiji cha ujamaa watu hawafichani, siri ya nini? Wiki mbili baadaye zikaja kadi mpya zilizochapwa, zote kwa Kiingereza, ambacho Shilinde hakisomi na balozi hakisomi. Nafasi ya jina haitoshi hata jina la Apolinaria. Ubao wa Sista Tekla uliamriwa uondolewe kwa kuwa si wa serikali. Sista ameugeuza nyuma mbele, anasema ni ubao wa kutundikia taulo, na kila asubuhi anaugeuza tena. Mimi kadi zangu za matundu nimeambiwa nizichome. Sijazichoma.

Hizo ndizo hasira zangu, na mpaka hapo ningeweza kuifunga barua. Lakini kuna jambo sijakuambia, na nimeandika kurasa zote hizi nikilizunguka.

Pale mahameni vichaka vimerudi, na mbung'o walikuwa wengi. Tuliumwa sana, mimi na Shilinde, tukawa tunacheka na kupigana makofi migongoni. Mmoja aliniuma nyuma ya shingo, pakavimba, pakauma kama jipu, pakapoa. Kisha homa zikaanza. Nilimeza klorokwini nikijidanganya ni malaria, kwa sababu mimi ndiye fundi, na fundi hapendi kujipima. Wiki iliyopita wenzangu walipokwenda kula mchana nilijichoma kidole, nikaweka tone kwenye kioo, nikatazama. Walikuwepo, kaka, wale vijidudu vya malale. Wanajisokota katikati ya chembe za damu kama nilivyowaona mara nyingi katika damu za watu wengine, na mara zote hizo nilifurahi kwamba nimewapata.

Nilikiosha kile kioo. Sikujaza kadi. Mimi, niliyewakasirikia watu wote hawa kwa ajili ya kadi, nilikaa siku saba bila kujiandika popote. Kila nilipoishika penseli nilimwona bwana Kornel akisoma jina langu, nikawaona majirani wa Kanyenye wakisogea kando kisimani, nikamwona yule bwana wa Gongoni aliyetuma watu kwa Mama mwezi uliopita kuniposa akituma wengine kuomba radhi. Nilijua dawa ipo hatua chache kutoka mezani kwangu, na nilijua kila siku inayopita ugonjwa unasogelea kichwa. Nilijua yote. Nilimwelewa Apolinaria kuliko nilivyomwelewa siku ile mahameni.

Leo asubuhi nimemwambia Sista Tekla. Alikuwa anafua taulo. Hakulia wala hakunigombeza. Alikausha mikono, akanitandikia kitanda kilicho dirishani, akamfuata Daktari mwenyewe kwa miguu badala ya kutuma mtu. Shilinde naye amepimwa. Damu yake ni safi, ingawa ataendelea kutazamwa. Kesho Daktari atanitoa maji ya uti wa mgongo aone kama ugonjwa umefika mbali. Ana matumaini kwamba tumewahi. Sindano za ugonjwa huu ni kali na zenyewe zina hatari yake, sitakuficha. Apolinaria yuko kitanda cha tatu kutoka kwangu. Aliniona nikivuliwa koti jeupe, akainuka polepole, akanisogezea kikombe chake cha uji. Kadi yangu imejazwa. Niliijaza mwenyewe.

Sasa ombi langu. Mama hajui. Nimemwambia nina zamu za usiku na nitalala hospitali kwa siku chache. Usimwandikie, kaka. Unajua hasomi, na barua zake zote anampelekea mama wa duka la mbele amsomee kwa sauti barazani, wateja wakisikiliza. Wala usimtume mtu. Omba ruhusa kazini, panda treni uje mwenyewe. Ufike nyumbani, ule, umwache akuulize habari za watoto, kisha mkiwa wawili tu ndani, mlango umefungwa, umweleze kwa mdomo wako. Mwambie nimelazwa, nina dawa, na nina kaka. Akitaka kulia, alie hapo ndani kwanza kabla ya kutoka. Halafu mje wote wawili.

Barua hii nampa gadi wa treni ya leo, yule rafiki yako wa Malolo, akukabidhi mkononi. Amenihakikishia hataiweka mezani kwa mtu. Msalimie sana wifi, na ukiona vema mwambie yeye peke yake. Watoto wape mabusu ya shangazi yao. Na ukija, usisahau dagaa za Mama, maana ukifika mikono mitupu atajua kuna jambo kabla hujafungua mdomo.

Nakungoja.

Mdogo wako akupendaye,
Batuli