Machozi Yaliyohesabiwa Kuwa Kura

Toronto, 9 Oktoba 2019

Dada yangu mpendwa Perla,

Salamu nyingi katika jina la Bwana wetu. Natumaini goti lako limetulia na wajukuu wamepona mafua. Huku sisi wazima, ila baridi imeanza kutung'ata masikio.

Cheka kwanza, ndipo nikueleze. Mdogo wako nimekuwa jaji! Si wa mahakamani. Kuna tamasha la filamu za watu wetu tuliotoka Asia tukaja kuishi ugenini: Wakorea, Watamil, Wachina, sisi Wafilipino, kila mtu na kilio chake. Majaji wawili ni wasomi, wa tatu huwa mtu wa kawaida. Padri wetu kanitaja mimi, eti kwa kuwa filamu zote zinazoonyeshwa parokiani naziangalia na sisinzii. Wenzangu ni Bwana Pyo, profesa wa Kikorea anayesema polepole kama maneno anayakopa, na Bi Vasugi, Mtamil, mtengeneza filamu mwenyewe. Mimi kazi yangu kumwogesha na kumlisha bibi kizee wa watu. Nikifungua mdomo mbele yao nitasema nini?

Tumeapishwa tuhukumu kwa haki. Niombee, dada. Tuzo hii inaweza kumwinua kijana wa mtu, na Mungu hapendi mizani ya uongo.

Mdogo wako,
Delfa

Guimbal, Iloilo, 12 Oktoba

Mdogo wangu Delfa,

Nimepokea salamu zako kwa baruapepe, nami nakurudishia nyingi zaidi. Wajukuu wamepona, sasa wanavunja vyombo. Goti ni lilelile, linatabiri mvua kuliko redio.

Jaji! Wewe uliyekuwa ukilia hata kwenye tangazo la sabuni! Hao wasomi watajuta. Usiogope lakini. Sema ulichokiona, asiyeelewa aulize tena.

Tarehe mbili Novemba, Siku ya Marehemu Wote, padri atalisoma tena jina la mume wangu Wensing. Tangu tuambiwe katumbukia baharini kutoka kwenye ile meli ya mizigo, sijakosa misa yake hata mwaka mmoja. Mwili hatukuupata kuuzika, basi angalau jina lipate pa kulala. Nimeshona gauni jeusi jipya, la zamani limenikataa kiunoni. Nawe umwashie shemeji yako mshumaa huko.

Dada yako,
Perla

Guimbal, 24 Oktoba

Delfa,

U mzima? Siku zote hizi huandiki. Kama ujaji umekuvimbisha kichwa, niambie mapema. Kuanzia leo nimekususia. Nikibembelezwa vizuri nitarudi.

Dada yako bado,
Perla

Toronto, 25 Oktoba

Dada yangu Perla,

Amani ya Bwana iwe nawe. Nakuandikia kwa sababu simu siiwezi. Ukiisikia sauti yangu utajua kabla sijasema. Keti kwanza. Kama wajukuu wapo karibu, watoe nje.

Katika filamu tulizopewa, moja ni ya kijana aitwaye Noel Catedrilla, mzaliwa wa Vancouver. Mama yake alikufa, akabaki na baba yake, wakawa hawana la kusemezana. Basi akaanza kumpiga picha akipika. Ndiyo filamu nzima hiyo: mzee anapika, kijana anauliza. Wanamwita Ben. Nikasema moyoni, huyu mzee nimemwona wapi? Mvi, tumbo, miwani. Halafu wali ukaiva. Kabla ya kufunua sufuria, akaichorea alama ya msalaba, akaugonga mfuniko mara mbili kwa ukucha.

Dada, hiyo ni ya mama yetu. Wewe unafanya, mimi nafanya. Nani mwingine?

Kijana akamuuliza, "Baba, hiyo ya kugonga ulijifunza wapi?" Mzee akasema, "Kuna mtu alinifundisha, zamani." Akacheka, na lile pengo la jino la pembeni nikaliona. Ni Wensing. Yu hai, anakula wali.

Nililia mle ukumbini mpaka Bi Vasugi akanipa skafu yake. Siku zote hizi nimekuwa nikisali rozari na kufuta barua. Nimevunja siri ya ujaji kukuambia, Mungu anisamehe, lakini singeweza kukuacha uvae lile gauni.

Kijana hajui habari zetu, naapa. Na filamu yake ni nzuri, dada. Hilo ndilo linaloniua.

Mdogo wako,
Delfa

Toronto, 31 Oktoba

Dada yangu Perla,

Salamu. Sijui nikuulize hali gani. Jirani yako kaniambia umeonekana sokoni ukinunua samaki, nikamshukuru Mungu kwa hao samaki.

Leo tumekutana kuamua. Bi Vasugi alitaka filamu ya dereva wa treni. "Hiyo ndiyo bora, Bwana Pyo, acha ubishi!"

"Safi kama sahani iliyooshwa," akasema Bwana Pyo. "Ila chakula hakimo. Mimi nataka ya sufuria."

"Wewe una njaa tu."

"Tusigombane bure. Mama Delfa alilia kwenye ipi? Tulimwona sote. Machozi yake ndiyo kura ya tatu."

Bi Vasugi akainua mikono. "Haya, hapo mmenishinda."

Nikasema, "Ngojeni, jamani. Machozi mengine si ya filamu."

"Ni ya nini basi, mama?"

Nimewaomba wanisubiri mpaka Jumamosi usiku. Jumapili washindi wanatangazwa. Na filamu itakayoshinda, dada, inapelekwa kuonyeshwa Manila, kisha Iloilo mjini. Hapo kwenu karibu! Kwaya yote ya kanisa lenu itakwenda.

Nikisema hapana, nimemdhulumu mtoto kwa kosa la baba yake, nami nimeapa. Nikisema ndiyo, mji mzima utamwona marehemu wako akipika wali. Silali. Niandikie hata neno moja. Hata tusi.

Mdogo wako,
Delfa

Guimbal, 2 Novemba

Mdogo wangu Delfa,

Salamu. Mimi mzima, goti ndilo linaloendelea kulalamika.

Sikukususia safari hii. Mikono tu haikuwa yangu. Kwanza nilisema umechanganyikiwa kwa baridi. Kisha nikawa napika, nikaugonga mfuniko, nikasimama hapohapo mpaka wali ukaungua. Nililivaa gauni jeusi, nikalivua, nikalivaa, nikalivua. Fikiria, miaka yote hii naomba apumzike kwa amani, kumbe mwenzangu anapumzika kweli!

Nililia, usidhani sikulia. Lakini huyo kijana ana kosa gani? Kafiwa na mama, na baba aliyenaye anampata kwa kupiga picha. Kama filamu yake ndiyo bora, sema ndiyo. Kama siyo, sema siyo. Mimi usiniweke kwenye mizani yako, nitaivunja. Ikija Iloilo nitakwenda, nitaketi mbele, na gauni la bluu. Wa kunong'ona wanong'one. Umbea wa mji huu nimeujua kabla sijaota meno.

Asubuhi ya leo nilimwahi padri kabla ya misa, akiwa bado anavaa. Nikamwambia, "Padri, mtoe Wensing kwenye marehemu."

"Nimtoe nimpeleke wapi, Mama Perla?"

"Kwa wasafiri tunaowaombea."

Akavua miwani, akanitazama. "Msafiri huyu anakwenda au anarudi?"

Nikamwambia, "Padri, wewe soma jina tu."

Dada yako,
Perla