Sabufa Yenye Kura Yake

S.L.P. 214,
Kasese, Uganda.
9 Juni 2025

Mpendwa dada Aimée,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo wewe, na shemeji Ephraïm, na watoto? Baridi ya Trondheim imelegea, au bado mnavaa makoti mkiwa ndani ya nyumba? Yule mdogo aliyekuwa akikohoa wakati wa Pasaka amepona? Unijibu hilo kabla ya mengine yote.

Sisi ni wazima. Mke wangu Alisi amemaliza kuvuna maharagwe na mgongo unamuuma, lakini anauma na yeye akiguswa, kwa hiyo najua ni mzima. Mimi bado niko redioni. Baba anatembea kutoka nyumbani hadi kanisani Bwera bila fimbo, na ole wake atakayejaribu kumshika mkono.

Sasa nikupe habari. Umezoea barua zangu, najua huwa unasema zinasomeka kama taarifa ya saa moja. Hii usitegemee iwe hivyo. Kalamu inakimbia mbele yangu.

Unajua mdogo wako Emérance anaolewa tarehe 16 Agosti. Tangu posa ilipopokelewa ana ombi moja tu: endara, marimba yetu ya mbao zinazolazwa juu ya migomba, ipigwe uani kama ilivyopigwa kwenye harusi yako. Na unajua jibu la Baba tangu baba yako, baba mdogo Asanasio, alipofariki. Hapana. Endara isiyo na mtu kwenye mbao kubwa, anasema, ni watoto wanaogonga kuni. Baba yako alikaa kwenye zile mbao kubwa maisha yake yote na hakumfundisha mtu. Vijana wa jirani wanaweza mbao ndogo, Baba anaweza katikati, lakini sauti ya chini hakuna anayeijua.

Ndiyo maana ulipotutumia ile sauti ya endara uliyoirekodi likizo yako ya mwisho, baba mdogo akiwa bado hai, nilidhani jambo limekwisha. Nikamwekea Baba sikioni kwa simu. Akasikiliza mpaka mwisho, akanirudishia simu.

“Mmemtoa,” akasema. “Wote wapo. Ndugu yangu mmemtoa.”

Nikamweleza kwamba spika ya simu ni ndogo, haiwezi kubeba sauti nzito ya mbao kubwa. Alinitazama kama anavyowatazama wagombea ubunge. Nikaunganisha simu kwenye ile amplifaya yake ya zamani na spika zake mbili. Baba mdogo sasa akasikika, lakini kwa mbali, kama mtu anayegonga meza nyumba ya pili.

“Huyo ni panya,” Baba akasema, akatoka kwenda kufunga mbuzi.

Emérance alilia. Mimi nikaenda kutafuta sabufa.

Jambo lenyewe ni rahisi kulieleza. Sabufa ni spika ya besi peke yake. Amplifaya ya Baba ina nguvu ya spika mbili, haitoshi kusukuma ya tatu. Kwa hiyo nilihitaji sabufa iliyo na amplifaya yake ndani, ambayo unaichomeka ukutani yenyewe, na kazi yake ni kuongeza ile sauti ya chini inayokosekana. Nilidhani nitaipata mjini Kasese kabla ya chai. Lakini hapa kwetu ukisema sabufa, watu wanasikia wufa, na wufa ni seti nzima: visanduku vitano, rimoti, na taa zinazofukuzana. Kila duka nililoingia niliwashiwa taa. Nilipomuuliza kijana mmoja kama naweza kupata sanduku moja tu la besi, alikasirika kwa niaba ya bidhaa yake. “Bosi, hii iko na rangi saba! Unataka nini tena?”

Basi nikashuka Mpondwe siku ya soko. Pale malori yanaposubiri forodha kuna mfanyabiashara wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, anayeitwa Gracien, anauza vyombo vya muziki. Nikamweleza shida yangu. Akaingia nyuma, akatoka amekumbatia spika ya sanduku jeusi.

“Muzee, bafle hii iko na kura yake,” akasema.

Nikamuuliza, “Kura ya nani?”

“Yake yenyewe! Haiombake ku ampli.”

Dada, nimeripoti chaguzi tangu ningali na nywele. Mtu akisema kura mbele yangu natoa kalamu. Nikasimama pale nikijaribu kuelewa sanduku limejiandikisha wapi. Gracien akanitazama, akawaita wapagazi wawili waje wanione. “Journaliste huyu anawaza uchaguzi tu! Kura, papa! Courant! Ile ya mu ukuta!” Wapagazi wakacheka hadi mmoja akatua mzigo chini. Kumbe kwao kura ni umeme; wewe uliyesoma Beni ungeelewa mara moja. Mimi sasa wananiita Tume ya Uchaguzi.

Baada ya kuchekwa tukaanza kazi. Alikuwa nazo mbili zilizo na kura zao. Moja kubwa kama jokofu la soda, yenye tundu mbele la kupumulia. Nyingine ndogo, imezibwa pande zote. Akaiwasha ile kubwa na wimbo wa dansi, na mabati ya duka yakaanza kutetemeka. Watu wakasimama barabarani. Nakiri ilinipendeza. Kisha nikampa flashi yenye endara yako.

Hapo tofauti ikajitokeza. Sabufa kubwa ilikuwa na sauti nyingi lakini moja. Baba mdogo alipogonga ubao wa kwanza ilisema dum, wa pili dum, wa tatu dum, na dum ya kwanza haijaisha bado. Tukahamishia kwenye ndogo. Sauti ikapungua, lakini mbao zikaachana. Huu hapa, ule pale, na ule mkubwa kabisa ukaja kwa chini na kukatika palepale alipoukata. Nikasema nachukua ndogo.

“Muzee! Munaacha mama, munabeba katoto?” Gracien akasema. “Hapa batu banatafuta nyumba itetemeke.”

“Mimi natafuta mtu,” nikamjibu.

“Mutu gani?”

“Baba mdogo. Ni marehemu. Ndiye huyo anayepiga.”

Akapunguza sauti ya redio iliyokuwa ikiimba upande wa pili wa duka, akasikiliza kidogo. “Basi beba katoto,” akasema, na akalifunga mwenyewe kwa kamba.

Bwera nilifika Baba akiwa shambani. Nikaiweka kwenye kona ya sebule, mahali panapopendeza macho, na ikaharibika: kona inaikuza besi mpaka inavuma kama mtungi. Fundi wetu wa redioni alishanifundisha dawa yake. Unaiweka sabufa pale anapokaa msikilizaji, kisha wewe unatambaa chumbani ukitafuta mahali ambapo besi inasikika safi. Ukipapata, ndipo unapoihamishia. Kwa hiyo nikaikalisha sabufa kwenye kiti cha Baba, nikapiga magoti, nikaanza kutambaa kando ya ukuta.

Nilikuwa nyuma ya kabati Baba alipoingia.

“Alisi,” akasema, “mume wako amepoteza nini?”

“Anamtafuta baba mdogo,” Alisi akajibu, hawezi kusimama kwa kicheko.

“Chini ya kabati? Na nani amekalisha sanduku kwenye kiti changu?”

Nikalihamisha haraka, karibu na mlango wa uani, ambapo masikio yangu yalikuwa yamepachagua. Nikazungusha kitufe cha nyuma ili besi ianzie pale tu spika za zamani zinaposhindwa, nikaiteremsha sauti mpaka usiweze kusema sanduku lipo. Baba akakaa. Nikabonyeza.

Naandika nilichokiona. Mbao ndogo zikaanza, halafu katikati, ambapo ni yeye mwenyewe anayepiga. Halafu zile kubwa. Baba akainamisha kichwa upande wa mlango. Wimbo ulipofika pale unapogeuka, akapiga mkono wa kiti kwa nguvu.

“Asanasio! Unakimbia tena! Nimekwambia mara ngapi? Ningoje!”

Akaniambia nirudishe mwanzo, na alipofika palepale akamkaripia tena, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya harusi. Mara ya tatu aliokota vijiti viwili vya kuni, akavuta kigoda mbele ya sanduku, akaanza kugonga sakafu pamoja na ndugu yake, akikimbia anapokimbia. Tulimwacha hapo. Emérance alipofika jioni alikuta migomba miwili imeshakatwa na kulazwa uani, na Baba akipanga mbao juu yake, zile kubwa upande wake mwenyewe.

Alisi anakusalimu, na anauliza kama vile vitambaa vya meza vilifika. Emérance anakubusu. Msalimu shemeji, na watoto mmoja mmoja kwa jina. Gracien naye anakusalimu ingawa hakujui. Nilimpigia kumpa matokeo.

Baba hatumi salamu, anatuma agizo. Anasema amehamia kwenye mbao kubwa na hatarudi. Anasema mlipokuwa mkija likizo za shule wewe ndiye uliyekaa mapajani mwake pale katikati, akikushika mikono mkipiga, kwa hiyo usimdanganye kwamba hujui. Pa katikati pamebaki wazi, na hataki mtu mwingine apakalie.

Mungu akutunze, akufungulie njia na mipaka yote. Nijulishe siku ya ndege, nitakuja kukupokea.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye daima,

Kathembo