Nilimdanganya Baba Kuhusu Mtama wa Mama

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijaharibu zaidi, mimi ni mtafiti wa mbegu, mwanamke mtu mzima, na nimemdanganya baba yangu. Marehemu mama alikuwa na mtama wake wa suke jekundu, na nilipokuwa mdogo tulipita naye shambani umande haujakauka, akiminya punje kwa ukucha, ikitoka maji anasema "bado mtoto," ikitoka maziwa anasema "subiri kidogo," na nadhani kazi yangu yote ilianzia pale, maana hadi leo ninachochunguza ni hicho hicho, nani anaiambia punje ijae lini na ikome lini. Ndani ya punje kuna RNA, yaani nakala za jeni, isiyotengeneza protini yoyote, zamani wataalamu waliiona takataka, siku hizi tunajua baadhi yake ndiyo inayowasha na kuzima jeni punje inapokua. Ila kuiona lazima uikate punje ikingali changa, uigandishe, uisage. Haioti tena.

Mama alituachia kopo moja tu la mbegu, baba analiweka juu ya kabati karibu na kofia yake. Siku moja alipokwenda kunyoa nikamimina nusu, nikazipanda kwenye kitalu cha kazini, zikaota kumi na mbili tu, nyingine zimeshazeeka. Baba akaniuliza, "Mwanangu, kopo la mama yenu mbona jepesi?" nikamjibu, "Labda panya, baba," na mzee wa watu akaenda kununua mtego, kila nikienda naukuta umetegwa na kipande cha mkate, nafsi inanisuta. Mashina tisa nimeshayakata, majibu ni mazuri ajabu, sasa mkuu wangu anataka hata matatu yaliyobaki yakatwe wiki hii. Nifanye nini?

Binti wa Mtama

Binti wa Mtama, pole kwa kumkosa mama, na pole yangu inaishia hapo. Panya gani huyo anayefungua kopo, anachota nusu, kisha anarudisha kifuniko? Baba yako alijua siku ile ile. Mtego ule amekutegea wewe, na naona amechoka kuubadilishia mkate.

Najua ulichokuwa unakitafuta kwenye punje zile. Lakini na baba yako alimpenda mama yako, na hakuna aliyemuuliza.

Hayo mashina matatu usiyaguse. Mwambie mkuu wako leo hii kwamba mbegu zina mwenyewe na hukumwomba. Akinuna, anune, masuke yakikomaa mtapata mbegu mpya, na msimu ujao mtakata mpaka mchoke, mkishapewa ruhusa. Kisha Jumamosi nenda nyumbani, utegue mtego kwa mkono wako, ukae chini. Usianze na RNA. Sema, "Baba, nilikudanganya," halafu nyamaza, umwache atoe yote ya moyoni. Hayo ya jeni atakuuliza mwenyewe. Mtu aliyelima na mama yako maisha yake yote hawezi kukosa swali.