Jiwe Katikati ya Karai

Mjukuu wangu Keji, huko Nakuru,

Sisi huku Gurei tuko, tunamshukuru Mungu. Mjomba wako amepona malaria, na yule kuku wako ameangua vifaranga.

Umeniuliza kwa nini karai la ndege nalitilia maji kidogo kila asubuhi, badala ya kulijaza mara moja nikapumzika. Mama yangu ndiye aliyenifunza, nikiwa msichana, kwetu Kator. Unasugua utelezi kwanza, halafu unaweka jiwe katikati, na maji yasilifunike, maana ndege huoga akiwa amesimama.

Asubuhi tuliyokimbia vita, mizigo ikiwa tayari kichwani, Mama alirudi uani na ndoo, akajaza karai letu pomoni. Jiwe likazama.

"Mama, sasa ndege watasimama wapi?"

"Watakunywa ukingoni. Tukirudi utayapunguza."

Nilirudi nikiwa na mvi, bila yeye. Uani kwetu palikuwa pamejengwa nyumba ya watu wengine. Ningejua, ningembebea ile ndoo.

Ndiyo maana sijazi, Keji. Karai likijaa, naona kama kuna mtu wa nyumbani anaondoka.

Ni mimi, haboba yako