Blanketi Ulilolifuata Ndani

Tata,

Salamu zitafuata. Kwanza nikuambie kwamba nina hasira na wewe, baba yangu, na nisipoitoa leo itanikaa kooni.

Wewe ndiye uliyekuwa balozi wa nyumba zetu kumi hapa Kaagya. Wewe ndiye uliyekimbia kibanja hadi kibanja, katikati ya migomba ya watu, asubuhi ile ya tetemeko, miguu peku, mvua inakunyeshea, ukipaza ile sauti yako ya mkutanoni: "Tokeni! Zimeni moto! Asirudi mtu ndani, hata kwa sufuria!" Ukatukusanya uwanjani kwetu, mbali na kuta. Ukatuhesabu, ukaona Bibi Felisia, jirani yetu kikongwe, hayupo, ukawatuma watu wakambebe mgongoni. Basi wote walikuwa wazima, Tata. Nyumba zako zote kumi! Kazi yako ilikuwa imekwisha.

Halafu ukamwona Bibi anatetemeka kwa baridi. Ukasema, "Ngojeni kidogo." Nilikushika koti. Ukacheka, ukanibandua vidole, ukasema, "Koku, nyumba hii nimeijenga mwenyewe. Inanijua."

Inakujua! Jamani, tofali linamjua nani? Ardhi ikatikisika tena ukiwa mlangoni unatoka, ukuta wa mbele ukakuangukia. Tulipokufukua, blanketi ulikuwa umelikumbatia kifuani, kavu kabisa. Lile la kijivu, ulilonunua mjini Bukoba mwaka wa Uhuru baada ya kuuza kahawa, ukalibeba begani njia nzima ili watu walione.

Na msonge wa babu, ule wa nyasi uliokuwa ukiuonea aibu mbele ya wageni, ukaugeuza jiko, umesimama vilevile. Naupita kila siku na kila siku naona uchungu.

Tumekuzika kibanjani, ubavuni mwa babu. Dada yako alifika kutoka Muleba na wanawake wa ukoo, na unamjua Shangazi, hakuna anayembishia. Alikuta nyasi za matanga nimezirundika nje, na mlango wa nyuma, njia pekee iliyobaki, nimeuziba kwa magogo. Akaniuliza kama baba yangu alikuwa mbwa, mpaka waombolezaji wake walale kwenye migomba. "Nani atalala na ndugu yangu?" akalia. "Nani?" Mila yetu naijua, Tata. Nyasi hutandikwa ndani ya nyumba ya marehemu, wanawake wakalala hapo wote pamoja, naye asiachwe peke yake. Lakini ukuta wa nyuma ulikuwa na ufa wa kupitisha mkono. Nikasimama mbele ya magogo, nikasema anayetaka kuingia anikanyage mimi kwanza. Shangazi akaniita mtoto asiye na haya, mbele ya watu wote. Nililia, lakini sikuondoka. Niliogopa ukuta, na niliogopa zaidi kwamba huenda anasema kweli, kwamba nakuaibisha.

Aliyetuokoa ni Bibi Felisia. Alikuwa hajafungua kinywa tangu siku ile. Aliinuka polepole, akakumbatia nyasi kiasi alichoweza, akazipeleka kwenye msonge, akaanza kutandika. "Na humu pia ni kwake," akasema. "Alizaliwa humu, mimi nilikuwepo." Wanawake wakatazamana, kisha mmoja akachukua nyasi, na mwingine. Shangazi aliingia wa mwisho, amenuna.

Kesho yake mchana, tukiwa uwanjani tunakula ndizi, ardhi ikatikisika kidogo tu. Ukuta wa nyuma ukajimwaga ndani, sebuleni pote, pale hasa ambapo wangelala. Vumbi lilipotulia, Shangazi alitoa kahawa yake ya kutafuna, akanipa punje kiganjani kama anavyopewa mgeni wa heshima, akageuka kufuta macho.

Usidhani basi mambo yametulia. Lori la ushirika likipita barabarani, watoto wanaruka nje wakipiga mayowe. Wengine hawataki kabisa kulala chini ya bati. Jumamosi ya kujitolea hatuchimbi barabara siku hizi, tunabomoa kuta zenye nyufa kabla hazijatuchagulia siku, tukianza na kwa wajane. Na wamenichagua mimi niwe balozi mahali pako. Mwanamke! Najua ungecheka mpaka ukohoe. Lakini sauti yako sina. Nikifika mlango wa kumi na kuona wote wapo, moyo bado unanidunda, maana siku ile pia walikuwepo wote.

Juzi Bibi Felisia aliniletea blanketi. Amelifua, amelikunja. Anasema akijifunika anakusikia ukisema "ngojeni kidogo", halafu usingizi basi. Alitaka nilichome. Nililichukua, nikakaa nalo chini ya mti wa kahawa nikakutukana, Tata, haki ya Mungu nilikutukana, mpaka nikachoka nikalilalia.

Sikulichoma. Nimejenga kibanda cha nyasi katikati ya uwanja, hakina ukuta wala mlango, nimetundika kapu la kifuniko, ndani yake kuna blanketi. Jirani mmoja ameongeza sufuria, mwingine kiberiti kwenye kopo, Shangazi ametuma shuka mbili kutoka Muleba. Nimewaambia wote: ardhi ikitikisika, vya baridi viko hapa.

Pumzika sasa, Tata. Salamu nilizokuahidi ndizo hizi: Bibi mzima, Shangazi mzima, watu wa nyumba zako kumi wote wazima. Nakuahidi jambo moja tu. Maadamu mimi ni balozi, blanketi halitalala ndani ya nyumba tena, na hakuna mtoto wa mtu atakayemshika baba yake koti kwa ajili ya blanketi.

Mwanao,
Koku