Wawili Ndani ya Jiwe la Karoo

Baba Kendi mpendwa,

Habari za Timau? Natumai kile kikohozi cha vumbi la ngano kimekuachilia, na Kendi na mdogo wake wanakula vizuri. Mimi huku Afrika Kusini niko salama, ila baridi ya Karoo ni kavu, inapasua midomo.

Simu ilikatika kabla sijakueleza. Tulikuwa tukitafuta mifupa ya zamani kwenye kingo za mto uliokauka, nikaona jino limechomoza kwenye mwamba. Tukiwa bado tunachimba, wingu zito likatanda. Mkubwa wetu, Mama Nomsa, akasema mto ukijaa hatutakuta kitu hapo. Tukakata jiwe zima, tukalifunga kwa magunia na plasta, tukalibeba hadi kwenye pikapu. Tulipofika barabarani, maji yalikuwa yananguruma nyuma yetu.

Tangu hapo kazi yangu imekuwa kulikwangua jiwe kwa sindano. Polepole akatokea mnyama mdogo kama mtoto wa mbwa, mdomo wa kobe, meno mawili marefu kando. Alikuwa akila majani na mizizi na kuishi shimoni. Wanasema ni ndugu wa mbali sana wa wanyama wote wanaonyonyesha, kwa hivyo ni ndugu yetu pia. Baba Kendi, aliishi kabla hata ya dinosaria. Huo mlima unaouona ukiwasha trekta asubuhi ulikuwa bado haujatokea duniani.

Halafu chini ya kidevu chake nikapata mbavu ambazo si zake. Walikuwa wawili, wamejikunja, mmoja ameweka kichwa shingoni mwa mwenzake. Mama Nomsa anafikiri shimo liliingia maji, matope yakawashika wakiwa hivyo. Niliweka sindano chini.

Juzi ikaamuliwa watenganishwe, mmoja achunguzwe, mwingine aonyeshwe watu. Sijawahi kumpinga Mama Nomsa, lakini nilimwambia, "Tafadhali, hiyo kazi usinipe mimi."

Akainama juu ya jiwe, akawatazama walivyojikunja. "Basi waache," akasema.

Kuhusu ulichoniuliza, ni kweli wameniomba niongeze mkataba. Nimekataa. Huu ukiisha, narudi.

Nisalimie mama yako, na dada yangu wa Mukurweini anayewaletea ndizi. Kendi akiuliza kama wale wanyama waliogopa maji, mwambie sijui. Mwambie tu hakuna aliyekuwa peke yake.

Ni mimi wako,
Mama Kendi