Lebo Yenye Picha Yako

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Mashine ya Kusaga,
S.L.P. 47.
9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu nyingi, nzito kuliko hiyo baridi unayotulalamikia kila ukipiga simu. U hali gani? Kile kikohozi kimekwisha? Huku hatujambo. Mama goti bado linamsumbua, ila mdomo mzima, anatutuma wote kama kawaida yake.

Sanduku ulilotuma limefika salama. Viatu vya Mama vimemkaa barabara, anavivaa mpaka jikoni. Sabuni nimegawana na wenzangu ninaofuma nao barazani, wote kumi na wawili, na wanakushukuru. Mimi pia nakushukuru. Sasa nimeshashukuru, niache niseme yangu.

Humo sandukuni uliweka mkoba mmoja kati ya ile tuliyokutumia utuuzie, eti nione unavyopendeza ukiwa dukani huko. Nikaona lebo. Juu imeandikwa SHOTO. Chini yake picha yako, umekaa kitini, mkoba mapajani, sindano ya kufumia mkono wa kulia. Wa kulia, mdogo wangu! Na neno Shoto liko juu ya kichwa chako! Nilicheka peke yangu, halafu kicheko kikakatika.

Nikampa binamu yetu Karani atusomee yaliyobaki, maana yeye lugha ya huko anaijua. Akasoma kwamba hili fundo la kulala upande tunalofumia mikoba ni urithi wa mabibi zetu, limepita mkono kwa mkono miaka mia tatu. Mama alicheka mpaka akashika mbavu. "Bibi yenu?" akasema. "Huyo hata kifungo alikuwa anashonewa!"

Unajua fika fundo lilikotoka. Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa mbele ya Mama namwiga, na kwa kuwa natumia mkono wa kushoto, uzi nikawa naupitisha juu badala ya chini. Mama akafumua mara tatu. Mara ya nne akanichapa vidole kwa mwiko, akaniita Shoto, na wewe ukaenda kulitangaza mtaa mzima. Leo jina mlilonizomea nalo ndilo jina la biashara, na sura ni yako.

Basi nakuonea wivu. Nisikufiche, wewe ni damu yangu. Roho inaniuma nikiiona hiyo taa iliyokumulika, na sweta, na nywele zilivyotengenezwa. Inaniuma zaidi kwamba Mama ameikata ile picha akaiweka chini ya mto wake, na mimi ninayemkanda goti kila asubuhi hana picha yangu hata moja. Anasema umekonda. Mimi nimekonda hapa hapa mbele ya macho yake wala hajaona.

Wala sikuonei wivu wewe peke yako, hata mikoba yenyewe naionea. Nyuzi tunazofumia zinatoka huko huko unakoishi. Zinakuja kwa meli, tunazifuma, zinarudi zikiwa mikoba. Hapa sokoni yangu imening'inia miaka na hakuna anayeiuliza, watu wananunua ya plastiki iliyotoka nje. Juzi nikautundika ule wa lebo, nione. Yule mwalimu anayepita kila siku bila hata kugeuza shingo akasimama, akaugeuza geuza, akasema, "Wa nje unajulikana tu, angalia kazi yake." Nikamwambia nimeufuma mimi. Akaniangalia, akaangalia picha, akaguna, akaenda zake. Nilikaa pale nimenuna mpaka tukafunga.

Sasa hilo ombi lako. Unasema kwenye maonyesho ya mwezi ujao wanunuzi wakubwa wanataka wakuone ukifunga fundo mbele yao, na wakiridhika watachukua kazi yetu ya mwaka mzima. Ndiyo maana unataka nikurekodie video, mikono tu, ujifunze haraka haraka. Mikono tu! Nilitaka kukujibu kwa neno moja, na unalijua neno lenyewe. Kisha nikatoka barazani nikawaona wenzangu wameinamia kazi, kila mmoja na nyumba inayomtegemea. Wivu ni wangu, wao wamekosa nini?

Halafu hutaweza. Nimejaribu kwa mkono wa kulia, fundo linalala upande mwingine. Wale watu mikoba wanayo mikononi, wataona papo hapo, na kazi ya mwaka mzima itakwenda na maji.

Kwa hiyo video nimerekodi. Karani alishika simu, na jana amekutumia. Usijifunze kitu. Iwashe mbele yao kama ilivyo, wewe simama pembeni uwatafsirie. Na habari ya mwiko uwaambie, hiyo miaka mia tatu uiache. Humo kwenye video naanza kwa sura yangu na jina langu kamili, lile la kwenye cheti. Nalitaja polepole, huku mkono wa kushoto umeshaupitisha uzi. Karani anasema huko watu ni mafundi wa kukata video. Ukilikata jina langu, utakuwa umekata na mwanzo wa fundo, na hapo hakuna atakayejua linaanzaje, hata wewe.

Msalimie shemeji, na yule jirani yenu mpishi aliyekupa koti. Karani anakusalimu, na wote wa barazani. Mungu akukinge na baridi, akufungulie milango, na mmoja asiufunge mpaka na mimi nipite.

Mama naye anakusalimu sana. Video ameitazama mara mbili. Halafu akamuuliza Karani kama inawezekana kutoa humo picha, ndogo tu, ya kuenea chini ya mto. Nilijifanya sijasikia.

Wako akupendaye kwa roho hii hii inayoniuma,

Dada yako,
Shoto.